Ng'ambo ya Maboya

Mwaka 2011 mjomba alinichukua kuvua papa usiku. Taa tulizima mapema. Sikuuliza kwa nini. Nilikuwa na miaka 17 na nilijua vizuri kwamba tumevuka maboya ya hifadhi.

Jarife, wavu wa papa, tulilitega kwenye maji madogo, likaziba mlango wa ghuba. Alfajiri tulipolivuta, alikuwamo pingusi jike, yule papa mwenye kichwa cha nyundo, amejisokota mpaka amekufa. Pingusi ni lazima aogelee ndipo maji yapite kwenye matamvua yake apate hewa. Wavu ukimbana, hadumu.

Mjomba alikata mapezi, maana ndiyo yenye wanunuzi, akaniambia nitupe mwili. Nilipouinua, tumbo lilicheza chini ya kiganja changu. Nikachukua kisu nikapasua.

Walikuwa watoto 23. Nilizoea kudhani samaki wote hutaga mayai, lakini hawa kila mmoja alikuwa na kitovu kilichomuunga na mama yake. Vichwa vyao vilikuwa laini bado, ncha za nyundo zimekunjwa kuelekea mkiani ili waweze kuzaliwa. Wanane walikuwa wakitikisika.

"Mjomba, wako hai!"

"Nawaona, mwanangu."

Niliwashusha majini mmoja mmoja, nikiwashikilia kidogo kama mtu anayemfundisha mtoto kusimama. Watano waligeuka tumbo juu. Watatu walipiga mkia wakapotea.

Pingusi huingia maji madogo kuzaa. Ndiyo maana maboya yale yalikuwa pale, nasi tulitandaza wavu mlangoni mwa wazazi. Jike huyo huchukua miaka mingi kupevuka, na mimba yake karibu mwaka mzima. Mwaka 2013 CITES, mkataba wa mataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea ya porini, uliamua kudhibiti biashara yake ya kimataifa, na nilifurahi kuliko nilivyoweza kumweleza mtu yeyote. Papa na samaki aina ya taa wa bahari kuu walipungua kwa asilimia 71 kati ya 1970 na 2018, hasa kwa uvuvi wa kupita kiasi. Kila nikiisikia hesabu hiyo naanza na wale 23.

Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza mjomba kama majike aliowavua zamani nao walikuwa na mimba.

Alikaa kimya muda mrefu, mkono kwenye usukani.

"Sikuwahi kupasua tumbo," alisema.