52 kutoa 28: ninavyowasaidia wanafunzi walio mbioni kuacha shule

Kila anayejitolea kuwa mlezi wa wanafunzi wa vijijini hupewa ushauri uleule: wape motisha. Wasimulie habari za marubani na madaktari waliotoka vijijini, waambie waandike ndoto zao kwenye karatasi ya manila, piga nao picha, kisha panda gari urudi ulikotoka. Ushauri huu umenichosha. Mtoto wa darasa la sita anayeshinda shuleni akitazama ubao asiouelewa hana upungufu wa ndoto. Anachokosa ni kutoa kwa kukopa na kusoma aya moja bila kukwama, na hayo hukumbushwa kila siku mbele ya wenzake. Siku akiacha shule watu watasema ni uvivu, au umaskini, au wazazi. Pengine ni kweli. Lakini nikimpima, mara nyingi nakuta masomo yalishamwacha miaka miwili mitatu kabla yeye hajayaacha.

Wanaodhani nia njema inatosha wasome habari za mradi wa Cambridge-Somerville kule Massachusetts, Marekani. Ulianza mwaka 1939, ukachukua wavulana 506, nusu wakapewa walezi na misaada ya kila namna hadi 1945, nusu wakaachwa bila. Mwaka 1978 mtafiti Joan McCord alitoa matokeo ya kuwafuatilia walipokuwa watu wazima. Walipoulizwa, takriban theluthi mbili ya waliolelewa walisema mradi uliwasaidia, ila kwa mambo kadhaa yanayopimika, yakiwemo ulevi na uhalifu wa kurudia, hali yao ilikuwa mbaya kuliko ya wale walioachwa. Kusifiwa na mwanafunzi, basi, si kipimo. Mimi napima kusoma, hesabu na mahudhurio.

Kipimo cha kwanza huchukua dakika kama kumi. Naazima ngazi inayotumiwa na shirika la Pratham la India, kwa sababu ni fupi na haina madoido. Kwa kusoma kuna herufi, maneno, aya fupi ya kiwango cha darasa la kwanza, na hadithi fupi ya darasa la pili. Usianzie chini. Anzia kwenye aya: akiisoma vizuri panda kwenye hadithi, akikwama shuka kwenye maneno. Kwa hesabu anzia kwenye kutoa kwa tarakimu mbili, kisha panda kwenye kugawanya tarakimu tatu kwa moja, au shuka kwenye kutambua namba. Hata wa sekondari nawapitisha hapo hapo. Mpime peke yake, wenzake wasisikie, ila pawe mahali pa wazi panapoonekana. Na usimwambie kamwe "hii ni rahisi", maana akishindwa jambo ulilokwisha kuliita rahisi umemmaliza. Mimi husema tu kwamba nataka kujua tuanzie wapi.

Sasa nifike kwenye hesabu, ambako ndiko raha yangu ilipo. Walezi wengi huandika 52 − 27, mtoto anajibu 35, wanaweka alama ya kosa na kumwelekeza upya kutoka mwanzo. Tazama kinachofichika hapo. Kuna watoto wanaotoa ndogo kwenye kubwa popote zilipo: saba toa mbili ni tano, tano toa mbili ni tatu, 35. Kuna wengine wanaokopa vizuri lakini hawapunguzi makumi: kumi na mbili toa saba ni tano, tano toa mbili ni tatu, 35 ileile. Makosa mawili, jibu moja, na kila moja lina dawa yake. Swali hilo halikufundishi kitu kuhusu mtoto. Badilisha tarakimu moja tu, andika 52 − 28. Wa kwanza atakupa 36, wa pili 34, anayejua atakupa 24. Jibu lenyewe limeshamtaja mwenye tatizo na tatizo lake. Siri yake ni kwamba tofauti ya mamoja isiwe tano, kwa sababu ikiwa tano njia zote mbili zinakutana.

Ukitaka kwenda mbali zaidi mpe 403 − 157. Jibu sahihi ni 246. Akikupa 354, anatoa ndogo kwenye kubwa. Akikupa 346, ameambiwa na mtu kwamba "sifuri inakuwa tisa" na amelishika hilo kama amri, bila kujua kuwa tisa hiyo inatoka kwenye mamia. Huyu ana kumbukumbu nzuri, amefundishwa vibaya tu. Watafiti John Seely Brown na Richard Burton waliandika mwaka 1978 kwamba makosa mengi ya namna hii hayaji ovyo, mtoto anafuata kanuni yake kwa uaminifu, ila kanuni yenyewe ina dosari. Ndiyo maana sisahihishi mara moja. Namwambia, "Nifundishe ulivyofanya," nanyamaza, hata kama kimya kinarefuka. Akimaliza kueleza, mara nyingi mwenyewe anaanza kukunja uso.

Dawa ni vijiti, vya aina yoyote, vilivyofungwa kumi kumi. Hamsini na mbili ni mafungu matano na vijiti viwili. Mwombe akupe 28. Viwili havitoshi nane, hana budi kufungua fungu, na akifungua anayaona mafungu yamebaki manne. Yule wa 34 hapo ndipo anapopona. Lakini kila kijiti kikisogea, penseli nayo iandike: fungu likifunguliwa, 5 ikatwe iwe 4 papo hapo. Walezi wengi hushindwa kwa sababu wanavitenga viwili hivi. Mtoto anapata kwa vijiti, wanashangilia, wanavikusanya, kesho kwenye daftari 34 imerudi kama kawaida. Baada ya vijiti achore mistari, kisha mistari nayo iondoke. Kwa 403 funga fungu la mia kweli kweli, mafungu kumi ndani ya kamba moja. Linachosha kufunga, ila mara moja linatosha kuonyesha tisa inatoka wapi.

Kusoma kuna kikwazo kingine: aibu. Kijana wa miaka kumi na minne anayesoma kwa kiwango cha darasa la pili hatashika kitabu chenye picha ya sungura mbele ya wenzake, na ukimlazimisha hutamwona tena. Kumtafutia kitabu cha umri wake nako hakusaidii. Akikosea neno moja katika kila kumi, maana imeshapotea. Maandishi ya kujifunzia yanapaswa kuwa na kosa lisilozidi moja kwa maneno ishirini.

Hila yangu ni kumpa kazi. Namwambia kuna watoto wadogo wanaohitaji msomaji, na mimi peke yangu siwezi kuwafikia wote. Ni kweli, siwezi. Kwa hiyo Ijumaa atawasomea hadithi moja. Sasa kitabu cha sungura si chake tena, ni chombo cha kazi, na anacho kisingizio halali cha kukibeba hata barabarani. Jumatatu naisoma mimi kwa sauti yeye akifuata kwa kidole. Kisha tunaisoma pamoja. Kisha anaisoma peke yake huku nikipima dakika moja na kuhesabu maneno aliyoyasoma sawasawa. Jumatano anairudia, na namba inapanda. Tunaiandika, maana kijana wa umri huo huheshimu namba kuliko sifa. Maneno yaliyomsumbua tunayaandika kwenye vikadi. Siku ya Ijumaa, kabla ya kusoma, namtaka aandae maswali matatu ya kuwauliza wadogo: moja jibu lake limo kwenye hadithi, moja la kwa nini, moja la wewe ungefanyaje. Hapo ndipo ufahamu unapoingia bila kutajwa, kwa sababu huwezi kuuliza kwa nini juu ya kitu usichokielewa. Wiki inayofuata hadithi nyingine, ndefu kidogo. Wale wadogo nao wanafaidika, ingawa nakiri si wao niliowalenga.

Angalizo: wadogo wawe watatu au wanne, wasiwe wadogo zake wa nyumbani (watamcheka), na asomee tu hadithi aliyokwisha kuisoma vizuri.

Vikadi navipanga kwa mtindo wa Sebastian Leitner, mwandishi aliyeueneza mwaka 1972. Boksi la kwanza hupitiwa kila tukikutana, la pili kila baada ya mara mbili, la tatu mara moja kwa wiki au mbili. Ukipata, kadi inasogea mbele. Ukikosa, inarudi boksi la kwanza hata kama ilishafika la tatu. Bahasha tatu zinatosha. Gharama ya mambo yote haya ni rimu ya karatasi, penseli, kamba na daftari la mlezi. Kinachokula pesa ni nauli.

Kuhusu ratiba, mara tatu kwa wiki kwa dakika arobaini hivi ni bora kuliko Jumamosi nzima. Wanafunzi wawili au watatu wa kiwango kimoja, si wa darasa moja. Muda upangwe kwa kuuliza kwanza nani anachota maji, nani anachunga, nani anabaki na mdogo wake, na kila mtu afike kwao kabla ya giza. Msimu wa kupanda na wa kuvuna watapungua, usigombane na mvua. Andaa mapema karatasi za kazi za wiki mbili, kila siku ukurasa mmoja: hesabu tano, aya moja, na majibu nyuma ya ukurasa wa mwisho. Usitegemee simu, kwani mtandao hukatika na simu ni ya baba.

Mahudhurio ya shule yenyewe nayafuata kwenye karatasi ndogo ya miraba. Kukosa asilimia 10 ya siku ni alama ya hatari inayotumika sana Marekani, na inafanya kazi popote: muhula wa siku 60, siku sita. Mimi huuliza ikifika ya tatu. Siulizi "kwa nini hukuja?" kwa sababu jibu lake ni "nilikuwa naumwa". Nauliza "ile siku, kuanzia asubuhi, ilikwendaje?" Hapo sababu inatoka yenyewe: sare haijakauka, mtihani wa hesabu, msichana yuko kwenye siku zake na choo cha shule hakina mlango. Nyingine natatua na mwalimu wa darasa siku hiyohiyo. Mwalimu usimwendee kama mkaguzi. Mpelekee ombi moja dogo: huyu asiitwe kusoma kwa sauti bila kuandaliwa, aambiwe aya yake tangu jana.

Mazungumzo ya maisha hayahitaji kikao. Huja mikono ikiwa na kazi, wakati wa kufunga vijiti au kukata vikadi, mmekaa ubavu kwa ubavu. Akianza kueleza, usirukie na kisa chako. Usimwahidi siri usiyojua ni ya nini. Mwambie mapema kwamba jambo linalomuumiza utalifikisha kwa mtu anayeweza kumlinda. Akitaja kupigwa, kuguswa au kuolewa, sikiliza, usimhoji kama polisi, andika maneno yake kama alivyoyasema, na siku hiyohiyo yafikishe kwa mhusika wa ulinzi wa watoto uliyemjua kabla hujaanza kazi. Kamwe msikae wawili nyuma ya mlango uliofungwa. Hakuna kumpa lifti, hakuna ujumbe wa usiku, na pesa mkononi ni hapana. Kama kuna ada au sare ya kulipiwa, ilipwe shuleni kwa risiti, mzazi akijua. Ukianza kutoa noti, unageuka mfadhili, na mfadhili haambiwi kwamba hesabu imeshindikana.

Wazazi siwaitii mkutano. Naomba mtoto awasomee ukurasa mmoja nyumbani mimi nikiwepo. Baba aliyekuwa akisema shule imemshinda huyu husikia kwa masikio yake, na mjadala wa kumtoa huahirishwa angalau hadi muhula ujao.

La mwisho ni muda, na hapa siwaonei haya wanaokuja kwa wiki sita. Jean Grossman na Jean Rhodes walichunguza mwaka 2002 vijana wa Marekani waliopewa walezi: waliodumu na mlezi mwaka mmoja au zaidi ndio waliopata manufaa makubwa, na ambao uhusiano wao ulikatika ndani ya miezi mitatu walishuka katika jinsi wanavyojithamini. Kama una miezi miwili tu, usijiite mlezi. Jiite mkufunzi wa kutoa na kugawanya, taja tarehe ya kuondoka siku ya kwanza, na fanya hilo moja vizuri. Kama una mwaka, bado taja tarehe. Mwezi mmoja kabla, mkae watatu na atakayekupokea, na asiyeshika kalamu siku hiyo awe wewe. Mwache mwanafunzi mwenyewe amweleze mgeni bahasha zinavyofanya kazi, yuko ngazi gani, na ni hadithi ipi wadogo wanaisubiri Ijumaa. Daftari lako la mlezi lipe huyo mgeni, isipokuwa kurasa za mambo ya siri. Hizo zinabaki kwa mhusika wa ulinzi.