Baba alikua akituhesabu

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii imenielemea, nisiwafiche. Jumapili tunatimiza mwaka tangu tumzike baba na mama ameniambia niandae maneno mafupi ya ibada ya ukumbusho, sasa tangu Jumatatu nakaa na karatasi nyeupe, manake kila nikiandika "alikua baba mwema" naona hayo anaweza kuandikiwa mtu yeyote.

Wengi mlimjua kama mzee wa kanisa, yule wa shati la pasi kali. Kabla ya hapo alikua nevi pale Mtongwe, Mombasa, aliingia miaka ya sabini wakati jeshi lenyewe la wanamaji halijafika hata miaka kumi na tano tangu lianzishwe Disemba 1964, akatumika kwenye KNS Mamba na meli zingine. Zaburi ya 107, ya washukao baharini kwa merikebu, alitusomea mpaka tukaishika kwa kichwa, na akifika pale Mungu anapowaleta mpaka bandari waliyoitamani anasimama kidogo, anameza mate, ndio anaendelea.

Lakini kinachonijia zaidi ni tochi. Akirudi doria usiku, kabla hajavua buti, anapita chumba chetu tochi ameifunika kwa kiganja isitumulike machoni, anainua neti moja moja, anahesabu kwa sauti ya chini. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Kisha ndio anaenda kula. Alituambia melini hamng'oi nanga kabla watu hawajahesabiwa na mkirudi mnahesabiwa tena. Siku ile feri ilipopinduka Mtongwe, 29 Aprili 1994, watu 272 wakafa, baba alishinda kule majini na wenzake. Usiku akaja akatuhesabu, akatoka, akarudi akatuhesabu tena. Nilikua macho. Sikuwahi kumuuliza.

Sasa hapa ndipo Roho ananibana. Tuko watano. Wa nne, mdogo wangu, aliingia kwenye unga, hizi dawa za kulevya, miaka mingi iliyopita, na mnajua vile unga umetumalizia vijana hapa Pwani. Aliuza vyombo vya mama, akauza hadi mtungi wa gesi, mimi nikamwambia usikanyage tena hapa. Tangu siku hiyo mtu akiniuliza mko wangapi kwenu nasema wanne. Nimesema hivyo hata kanisani wala ulimi haukunishika. Baba hakuwahi kusema wanne. Ule mwezi wake wa mwisho, mama anamlisha uji, yeye anahesabu vidole vyake juu ya shuka, akifika cha nne anakishika hakiachii.

Tunapenda sana kuhubiri Luka 15, kondoo mmoja aliyepotea, tunaimba na machozi yanatoka. Lakini yule mchungaji angejuaje kwamba mmoja hayuko kama hakuhesabu? Tisini na tisa ni wengi jamani, ukiangalia kwa macho tu zizi limejaa. Akina baba, nawaomba kwa upendo, una kijana Nairobi hajapiga simu tangu Pasaka, una binti ulimfukuza kwasababu ya mimba, na wewe unasema nimemwachia Mungu. Kumwachia Mungu ni kitu kimoja, kumtoa kwenye hesabu ni kingine kabisa, na wengi wetu tumefanya hicho cha pili tukakiita imani. Mimi wa kwanza. Na kanisa letu pia, yule kijana aliyekua akipiga kinanda, mnamkumbuka? Ni nani amebisha hodi kwao? Tulipata mwingine wa kupiga, ibada ikaendelea, basi. Wapendwa hiyo si sawa. Shika simu leo, usingoje mpaka moyo upoe, moyo utapoa ukisikia sauti yake.

Kwenye karatasi ya Jumapili nimepata mstari mmoja tu mpaka sasa, kwamba baba ameacha mjane na watoto watano. Kesho alfajiri navuka feri kwenda Likoni, nasikia mdogo wangu analala karibu na stendi ya matatu. Sijui nitamwambia nini wala kama atakubali kuja. Nimemnunulia shati jeupe, saizi nimekisia. Mniombee.