Usiombe kipaumbele, sema Mayday

Wiki hii usiku nimekuwa nasoma maandishi ya mazungumzo ya redio, yale yanayotolewa baada ya uchunguzi wa ajali, maana najiandaa na mtihani wa redio ya marubani na mwalimu alituambia tusikariri maneno tu, tusome pia watu waliyatumiaje walipokuwa kwenye shida kweli. Sasa nimefika kwenye ajali ya ndege ya abiria Avianca 52 na nimekwama hapo, kila nikitaka kusonga mbele najikuta narudi palepale.

Tarehe 25 Januari 1990, Boeing 707 inatoka Colombia kwenda New York, hali ya hewa mbaya, ndege ni nyingi, wanazungushwa angani wakisubiri zamu, ukijumlisha inafika saa 1 na dakika 17. Mafuta yanapungua. Wakasema kwenye redio wanadhani wanahitaji kipaumbele. Wakashuka kutua, ikashindikana, wakapaa tena, kapteni akamwambia rubani msaidizi awaambie kwamba tuko kwenye dharura, na yule msaidizi akabonyeza redio, akarudia vizuri kabisa maelekezo aliyopewa ya upande wa kugeukia, halafu mwishoni ndo akaongezea kwamba mafuta yanawaishia. Kapteni anamuuliza umemwambia? Anajibu ndiyo, nimeshamwambia. Na kwa akili yake alikuwa ameshamwambia kweli, hapo ndo pananiumiza. Punde mwongozaji wa ndege aliyeko chini akauliza kama njia anayowapitisha inawafaa kwa mafuta waliyonayo, jibu likawa nadhani ni sawa, asante sana.

Asante sana! Dakika chache baadaye injini zikaanza kuzima, wakaanguka Cove Neck, Long Island, watu 73 wakafa kati ya 158. Moto haukuwaka, hakukuwa na cha kuwaka.

Nimeifikiria sana hiyo asante. Kwenye mazungumzo yote ya usiku ule neno Mayday, lile la kimataifa la kutangaza dharura, halimo, na dharura haikutangazwa redioni, wakati ndani ya chumba cha rubani neno dharura lilishatamkwa. Kutoka kwenye kiti hadi kwenye maikrofoni likapotea, na sidhani Kiingereza peke yake ndo kilichowaponza, maana huyo rubani msaidizi alikuwa anakiongea. Naona ni adabu. Mtu anaongea na sauti iliyochoka ya mwongozaji mwenye ndege kibao, hataki kumsumbua, hataki kuonekana analeta makuu, basi anaomba kipaumbele, na kipaumbele kwenye kitabu cha redio hakikuwa na maana yoyote ya kumlazimisha mtu afanye kitu. Mwongozaji anasikia malalamiko ya mafuta toka kwa hawa na wale, usiku ule kila mtu alikuwa amechelewa, yeye hawezi kuchungulia geji yako, anachoweza ni kusikia neno. Ukisema Mayday mara tatu kazi yake yote inageuka, anakusafishia njia, anawaondoa wengine, anaita zimamoto na waokoaji, na marubani wengine kwenye masafa hayo wanatakiwa wanyamaze. Usiposema, wewe ni ndege nyingine tu kwenye foleni, hata uwe umebakiza matone.

Halafu nikasoma ile ya Januari 15, 2009, ndege iliyotua mto Hudson. Kapteni wake, Sullenberger, anabonyeza redio, anaanza na Mayday tatu, anasema jina la ndege, tumegonga ndege wa angani, injini zote mbili zimepoteza nguvu, tunageuka kurudi uwanja wa LaGuardia. Basi. Haombi chochote, anatoa taarifa ya kilichotokea na anachofanya, ndo mpangilio ule ule tunaoufundishwa: unamwita nani, wewe ni nani, una shida gani, unataka kufanya nini, uko wapi, na ukipata nafasi unaongeza watu wangapi ndani na mafuta ya muda gani. Namba ya ndege mwenyewe aliikosea, akataja 1539 badala ya 1549, na bado ujumbe ukafika kwa sababu ulikuja kwa mpangilio ambao anayesikiliza anaujua tayari. Wote 155 walitoka hai. Najua kilichowaokoa ni mikono ya kuirusha ile ndege, redio inakuja ya tatu, kwanza unairusha ndege, pili unajua unaelekea wapi, ndo unaongea. Ila hayo maneno machache hayakumla muda, na hilo ndo naona uzuri wa maneno yaliyopangwa kabla, yanatoka yenyewe wakati akili iko kwingine.

Kuna watu kwenye darasa letu wanaona ni usumbufu hii ya kutamka tisa "niner" na tatu "tree", wanasema ni mapambo. Ajali ya ndege ya mizigo Flying Tiger 66 ya mwaka 1989 karibu na Kuala Lumpur ingewanyamazisha. Mwongozaji aliwaambia washuke two four zero zero, yaani futi 2,400, wao wakasikia kwamba washuke mpaka four zero zero, futi 400, kwa sababu "two" na "to" kwa sikio ni kitu kimoja. Wakajibu sawa, four zero zero, hakuna aliyewasahihisha, wakagonga kilima, wanne wote waliokuwemo wakafa. Kurudia maelekezo kumewekwa ili kosa kama hilo lidakwe, lakini inabidi upande wa pili asikilize kile kilichorudiwa, siyo kile alichotarajia kusikia.

Na Tenerife 1977 siwezi kuiruka, ndege mbili, ya KLM na ya Pan Am, ziligongana uwanjani wakafa watu 583, rubani wa KLM anatangaza kitu kinachomaanisha sasa tunaruka, mnara unaelewa yuko tayari kuruka, Pan Am nao wanaongea wakati huo huo na mnara, sauti zinagongana ndani ya redio ya KLM inabaki filimbi. Tangu hapo neno la kuruka, "takeoff", linawekwa akiba mpaka kibali chenyewe kinapotolewa au kinapofutwa, kabla ya hapo kila mtu anasema "departure".

Kitu kingine ambacho naona hakisemwi vya kutosha. Tangu 2008 ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, inataka marubani na waongozaji wa safari za kimataifa wawe na Kiingereza cha angalau ngazi ya 4 kati ya 6, na wa ngazi ya 4 wanapimwa tena kila miaka 3. Ni sawa, maana maneno ya kitabu hayawezi kumaliza kila tatizo, ukiwa na abiria anayezimia au moshi usiojua unatoka wapi lazima uweze kueleza kwa maneno ya kawaida. Lakini waliozaliwa na lugha hiyo mara nyingi wanapewa ngazi ya 6 na hawarudi tena kupimwa, na baadhi yao ndo wanaoongea haraka, wanakata maneno, wanaweka misemo ya mtaani kwao kwenye masafa yenye ndege kutoka nchi kumi. Kwangu mimi huyo naye ni hatari sawa na asiyejua lugha. Kufuata maneno ya kitabu kunatuweka wote sehemu moja, na hasa ukiruka juu ya bahari ambako mwenye kukusikia kwenye 121.5, masafa ya dharura, anaweza kuwa rubani wa nchi nyingine kabisa anayekupelekea ujumbe mbele.

Tangu 2012 mambo ya mafuta yamewekewa maneno yake. "Minimum fuel" ni taarifa kwamba ukinichelewesha zaidi nitaanza kula akiba yangu ya mwisho, bado siyo dharura. Ukiona utatua ukiwa chini ya hiyo akiba, ambayo kwa ndege za jeti ni dakika 30 za kuruka, unatakiwa useme "Mayday, Mayday, Mayday, fuel". Hakuna tena kubahatisha mwenzako ataelewa nini na neno kipaumbele.

Ila kanuni haikubonyezei kitufe. Bado ni mtu, na mtu anaogopa karatasi za kujaza, anaogopa wenzake watamuonaje, anajipa dakika mbili zaidi labda mambo yatakaa sawa. Ndo maana nimeanza kuyatamka kwa sauti nikiwa peke yangu, tena kwa sauti kubwa na taratibu, Mayday mara tatu na mpangilio wote unaofuata, pamoja na ile sehemu ambayo kwenye darasa tuliipita haraka mno: dharura ikiisha unawaambia umeifuta, "cancel distress", ipo kwenye kitabu kabisa.