Senti ya 1969-S

Sanduku la senti za Marekani hutoka benki likiwa na roli 50, kila roli sarafu 50, yaani sarafu 2,500 kwa dola 25. Lile tulilolifungua jioni ile, mimi na shemeji yangu, tukitafuta senti adimu, lilitia moyo kabla hata ya kuchana karatasi: kingo za sarafu zilikuwa na rangi mchanganyiko, kahawia iliyokolea hapa, shaba inayong'aa pale. Hizo ni senti zilizopita mikononi mwa watu, za miaka mbalimbali.

Tulitandika kitambaa laini, tukawasha taa moja tu ya mezani na kuilaza upande. Taa ya darini ilizimwa kwa makusudi, kwa sababu mwanga ukitoka pande mbili, vivuli hupishana na herufi nzima huonekana kama imejirudia. Kila roli iligeuzwa yote upande wenye sura ya Rais Lincoln, tukasoma miaka kwanza. Za kabla ya 1982 zilitengwa: asilimia 95 ni shaba, gramu 3.11. Za baadaye ni zinki iliyovikwa shaba, gramu 2.5. Za 1982 zipo za aina zote mbili, kwa hiyo mizani ndiyo huamua. Senti za zinki husumbua macho, maana lile vazi jembamba la shaba hupasuka kandokando ya herufi na kuacha mstari mweupe. Mwenye haraka huuona akadhani amepata kitu.

"Shemeji, hebu tazama hii," akasema, akinisogezea senti ya 1969 yenye herufi S ya kiwanda cha San Francisco. Tarehe ilionekana mara mbili bila hata kioo.

Yeyote anayepekua roli angeshtuka. Ipo senti ya 1969-S ambayo muhuri wake wa chuma wenyewe, yaani ule unaoigonga sarafu picha na maandishi, ulitoka na maandishi pacha, na ni adimu mno. Zilipoanza kuonekana, maofisa wa serikali walizikamata baadhi wakidhani ni bandia, hadi ilipothibitika kuwa ni halali. Lakini mwaka huohuo na kiwanda hichohicho kilitoa pia senti nyingi zilizojirudia kwa sababu nyingine kabisa, zisizo na thamani ya ziada.

Tukachukua lenzi inayokuza mara 10, na hatukuanza na tarehe. Tulianza na S. Zamani zile muhuri wa kazi, ule unaogonga sarafu, ulitiwa picha kwa kushindiliwa na muhuri mama zaidi ya mara moja, na ukikaa kombo mara ya pili, picha na maandishi hujirudia katika chuma chenyewe. Herufi ya kiwanda haikuwamo katika muhuri mama. Ilipigwa kwa mkono baadaye, na utaratibu huo uliendelea hadi mwishoni mwa miaka ya 1980. Kwa hiyo katika senti ya muhuri pacha tarehe ni pacha, maandishi ni pacha, S ni moja.

Yetu ilikuwa na S mbili.

Nilimwonyesha na umbo la ile sehemu iliyojirudia. Ilikuwa bapa kama ngazi ya chini, na mstari mkuu wa tarakimu ulikuwa umekonda. Hiyo hutokea muhuri unapolegea kwenye mashine: ukishagonga, huteleza kidogo na kusukuma pembeni metali iliyokwisha kuinuka. Muhuri pacha hauli unene wa herufi, huuongeza. Herufi huwa nene, mgongo wake wa mviringo, na kwenye pembe huachana kama ncha ya mshale. Isitoshe, kasoro iliyo ndani ya muhuri hujirudia vilevile kwenye kila sarafu uliyoigonga, ilhali mtelezo wa mashine hubadilika kati ya sarafu na sarafu.

Shemeji aliirudisha kwenye fungu la shaba, tukageuza zilizobaki upande wa nyuma. Huku wengi huchoka, na huku ndiko hasa inafaa kukaza macho. Katika senti za 1998, 1999 na 2000 tunatazama A na M za AMERICA. Kwa kawaida miguu yake inakaribia kugusana. Chache ziligongwa kwa muhuri uliokusudiwa sarafu maalumu za wakusanyaji, na hizo zina nafasi iliyo wazi kati ya A na M. Ya 1999 ndiyo ngumu zaidi kupatikana kati ya hizo tatu. Iliyojitokeza kwetu ilikuwa ya 2000, imechubuka kidogo ukingoni, nafasi yake haina ubishi.

Hatukuifuta wala kuiosha. Kuosha huondoa uso wa asili, na haurudi. Tuliishika kwa kingo, tukaiweka katika fremu ya kadi isiyo na plastiki ya PVC, maana plastiki hiyo huacha utando wa kijani juu ya shaba. Senti nyingine zilifungwa upya zikapelekwa benki tofauti na ile iliyotuuzia, ili tusije tukazinunua tena.