Kichwa cha mbwa juu ya penseli: uso ni rahisi, kazi iko shingoni

Wengi wanaoanza kukunja mnyama wa karatasi wa kuvalisha penseli huanza na uso wa paka. Wanakunja, wanachora sharubu, unapendeza kweli. Kisha wanashika penseli na kugundua hakuna pa kuiingiza. Mkunjo mkuu wa uso ule wa paka uko kidevuni na uwazi uko juu, utosini, ilhali penseli inapaswa kuingilia chini. Mwisho wake ni selotepu mgongoni, na kesho yake paka yuko sakafuni.

Kwa hiyo anza na mbwa. Uso wa mbwa, ambao ni miongoni mwa mikunjo ya kwanza wanayofundishwa watoto wa Japani katika origami, yaani sanaa ya kukunja karatasi, una mkunjo wake juu na uwazi wake chini. Ni mfuko uliopinduliwa. Ukishauona kama mfuko, si kama sura, makosa mengi yanajiondokea yenyewe.

Karatasi ya fotokopi ya kawaida, ile ya gramu 80, inatosha kabisa. Manila ni ngumu mno kwa kazi ndogo hivi: ikifika kwenye masikio, mkunjo unapasuka na kuonyesha nyuzi. Karatasi ya gazeti ni laini mno, inalegea mkononi mwa mtoto kabla hajafika kidevuni. Karatasi yenye kung'aa, kama ya kalenda ya ukutani, hukunjika vizuri lakini gundi haiikamati sawasawa. Kwa mbwa, hakuna inayoshinda karatasi ya kaki ya kujaladia madaftari, kwani rangi ya mbwa ipo tayari.

Vipimo havihitaji rula. Chukua A4 moja, ikunje katikati, kata. Kila nusu ikunje katikati, kata. Kisha mara ya tatu. Utapata vipande 8 vya sentimita 7.4 kwa 10.5. Usikunje mara zote tatu kwa mpigo halafu ukate mwishoni: karatasi za ndani husogea milimita moja au mbili, na vipande vinatoka havilingani. Darasa la watoto 40 linamalizwa na karatasi 5, na hakuna kinachotupwa, kama utakavyoona.

Weka kipande kimoja mezani kikiwa kimesimama, yaani upande mfupi ukiwa mbele yako, na uso wenye rangi ukitazama chini. Shika pembe ya juu kushoto, ishushe mpaka ukingo wa juu ulale sawasawa juu ya ukingo wa kulia. Kandamiza mkunjo. Sasa una pembetatu juu, na chini yake kimebaki kipande chembamba cha sentimita 3.1 kwa 7.4. Kikate kwa kufuata ukingo wa chini wa pembetatu na ukiweke pembeni. Hicho ndicho shingo.

Kwenye mkunjo huu wa kwanza usiwe na haraka. Ukingo ukipishana na mwenzake hata kwa milimita moja, masikio yatakuja kutofautiana, na hakuna hila ya baadaye itakayoyasawazisha. Kunjia juu ya meza ngumu, si pajani. Tafuta kwanza ukingo ulale sawa, ushikilie kwa kidole kimoja, ndipo upige mkunjo kwa ukucha au kwa mgongo wa kijiko, kuanzia katikati kwenda pembeni. Wanaoanzia pembeni husukuma karatasi, na kosa lote hurundikana kwenye pembe ya mwisho.

Geuza pembetatu ili mkunjo uwe juu, na pembe yenye matabaka mawili ielekee chini. Juu ina upana wa sentimita 10.5, kutoka juu mpaka ncha ya chini ni kama 5.2. Kutanisha pembe mbili za pembeni ili kupata katikati, lakini bana mkunjo pale juu tu, urefu wa punje ya mahindi. Ukiubana mpaka chini, mbwa wako atabaki na mfereji katikati ya uso, na kichwa kitataka kujifunga kama kitabu kila shingo inapoingizwa.

Sasa masikio. Kutoka alama ya katikati, pima upana wa penseli mbili kila upande, yaani sentimita 1 na nusu hivi. Hapo ndipo sikio linapoanzia. Kunja pembe ya kulia kwenda chini. Tazama ukingo: ukingo wa sikio ukilala juu ya ukingo wa uso bila kupishana, sikio limeshuka wima na ncha yake imegusa ukingo wa uso. Huyo ni mbwa mtulivu. Ukilifungua kidogo ili ncha itokeze nje sentimita moja, unapata mbwa mchangamfu, na watoto wengi humpenda huyo. Lolote utakalochagua, lirudie kushoto hivyo hivyo; weka sikio la pili kwa kulitazama la kwanza, si kwa kukisia. Masikio yakianzia karibu mno na katikati, yanafunika mahali pa macho. Yakianzia mbali mno, yanakuwa madogo, na umepata dubu bila kukusudia.

Sasa tufike kidevuni, ambako vichwa vingi huharibikia. Ncha ya chini ina matabaka mawili. Kunja tabaka la mbele peke yake kwenda juu, sentimita 1.3 hivi. Kisha geuza kichwa na ukunje tabaka la nyuma kwenda nyuma, kipimo kilekile. Basi. Kati ya hayo mawili umebaki mdomo wa mfuko, upana wake sentimita 2 na nusu au zaidi kidogo. Mtoto, na mara nyingi mtu mzima pia, huyakunja matabaka yote mawili pamoja kwenda juu, kwa sababu ndivyo mkono unavyozoea. Uso unaonekana uleule. Lakini mfuko umefungwa, na penseli ikilazimishwa inapasua pua. Kabla hujaendelea, ingiza kidole kidogo kutoka chini. Kikiingia mpaka karibu na mkunjo wa juu, uko sawa.

Jambo dogo kuhusu pua: ule mkunjo wa mbele unaonyesha upande wa ndani wa karatasi. Ndiyo maana mbwa wa karatasi yenye rangi upande mmoja hupata pua nyeupe bila kuongezewa kitu. Lakini kama unatumia karatasi za mitihani ya zamani na maandishi umeyaficha ndani, mbwa atatoka na swali la hesabu mdomoni. Dawa yake ni kupanga mapema pembe itakayokuwa chini iangukie kwenye pambizo, pasipo na maandishi. Yakiwa yameshatokea, paka rangi.

Chini ya masikio, pande mbili za uso bado ziko wazi. Pitisha gundi nyembamba ndani ya kingo hizo tu, upana wa milimita 3, na uache katikati pakavu. Tone moja chini ya kila sikio linasaidia pia, hasa ukanda wa pwani wakati wa masika, ambapo karatasi hunyonya unyevu na mikunjo hujifungua polepole. Gundi ya kijiti ndiyo safi zaidi. Uji mzito wa unga wa ngano unafanya kazi vizuri na haugharimu kitu, ila uupake kwa ncha ya njiti; ukizidi, karatasi inalowa na kujikunyata. Ile gundi kali ya kubandika viatu isikae karibu na watoto.

Chora uso sasa, kichwa kikiwa bado bapa. Ukingoja mpaka shingo iingie, kalamu itatoboa karatasi kwa sababu chini yake pana uvungu. Macho yakae sentimita moja na nusu kutoka juu, katikati ya masikio. Yakishuka kidogo na kuachana, mbwa anakuwa mtoto wa mbwa. Vile vidonge vya duara vinavyobaki ndani ya panchi ya ofisini ni macho mazuri sana: bandika kidonge cheupe, weka nukta nyeusi.

Shingo. Chukua kile kipande chembamba ulichokiweka pembeni. Kilaze chini ya upande wa penseli usiochongwa, upande wake wa sentimita 3.1 ukifuata urefu wa penseli, na uache milimita 5 zipite mwisho wa penseli. Kwa penseli ya kawaida, yenye unene wa milimita 7 hivi, kipande hicho kitazunguka mara tatu na kubakiza kidogo. Mzunguko wa kwanza usitie gundi hata chembe, maana ndio unaogusa mti. Kuanzia wa pili paka gundi nyembamba na uviringishe kwa kukaza, ila si kwa nguvu zote. Kisha zungusha mrija kwa vidole huku penseli ikiwa imetulia. Ukizunguka kwa kusita kidogo, ndio hasa. Ukikataa kabisa, umekaza mno na utapasuka siku ya pili. Ukizunguka kama gurudumu, legeza uviringishe upya.

Penseli yenye pembe sita ni rahisi kuliko ya duara. Mrija wa karatasi hauwezi kuifuata kila pembe, kwa hiyo unaigusa kwenye pembe zake sita na kuishika hapo bila gundi. Kwenye penseli ya duara mrija huteleza; bora uzungushe kwanza ukanda mwembamba wa karatasi juu ya mti na kuubandika, upate kitu cha kushikana nacho.

Zile milimita 5 zilizopita mwisho wa penseli zibane ziwe bapa, kwa gundi kidogo. Hiki ni kidude kidogo ambacho watu hukiruka, halafu wanashangaa kwa nini utosi wa mbwa umetoboka baada ya siku mbili. Penseli isipokuwa na pa kuishia, kila mtoto anapoisukuma inapanda mpaka juu. Ikishabanwa, inaishia hapo.

Tumia penseli kama mpini: mrija ukiwa bado juu yake, paka gundi mbele na nyuma ya sehemu ya juu, sentimita 2, kisha ingiza mdomoni mwa mfuko. Ule ubapa uelekee sawa na uso, la sivyo kichwa kitavimba upande mmoja. Inabaki sentimita moja nje, ambayo ndiyo shingo inayoonekana. Bonyeza karatasi kandokando ya mrija, si juu yake, na ushikilie kwa kuhesabu mpaka 30. Baada ya dakika mbili zungusha penseli mara moja ili kuhakikisha gundi haijapenya ndani, kisha ichomoe kwa kupindapinda na uache kichwa kikauke. Gundi ya maji ipe nusu saa.

Wakati wa kuvalisha, mtoto ashike penseli karibu na upande wa kichwa. Wengine huisimamisha penseli kwa ncha mezani na kukandamiza kutoka juu, na risasi inavunjika ndani bila kuonekana, halafu kinalaumiwa kichongeo.

Kikishakauka, geuza penseli kichwa chini na utikise mara tatu. Kikianguka, mrija umelegea: bandika ukanda mwembamba wa karatasi kwenye mti, mzunguko mmoja tu. Kikiinamia mbele, gundi ilishika upande wa mbele peke yake. Ingiza njiti yenye gundi nyuma ya mrija na ubonyeze tena.

Ukishaweza mbwa, paka aliyekushinda mwanzoni anatoka kwenye mfuko huuhuu. Kunja masikio yashuke wima, kisha kila sikio likunje tena kwenda juu, mkunjo ukiwa sentimita moja chini ya utosi. Ncha zitatokeza juu ya kichwa sentimita moja na nusu hivi, na kwa sababu ulianza kwa kuweka rangi nje, zitakuwa na rangi pande zote mbili. Nguruwe ni mbwa mwenye masikio madogo ambaye ncha ya pua yake imekunjwa tena kwenda chini milimita 5, ikawa bapa, na kuwekewa vitundu viwili vya wino. Sungura ndiye msumbufu, kwani mfuko huu hauna karatasi ya kutosha kwa masikio marefu. Kata majani mawili ya sentimita 5 kwa 1.2, uyabandike nyuma, lakini kwanza kila jani likunje katikati kwa urefu na ulifungue nusu. Mfereji huo ndio unaolisimamisha. Bila huo yatalala kabla gundi haijakauka.

Kwa kuwa mti haukuguswa na gundi, kichwa hakiishi na penseli yake. Penseli ikishachongwa ikabaki urefu wa kidole, kichwa kinaanza kugonga mkono wa mwandishi: kipindepinde, kitoke, kivalishwe penseli mpya.