Siku moja maishani mwangu: thieta ya mifupa na shanga za jasi

Saa 11 na nusu alfajiri. Chai ya rangi, mahamri mawili, feri ya Likoni kabla watu hawajafurika. Saa 1 nishabadilisha nguo, nakagua vifaa vilivyotoka usiku kwenye otoklevu, mtambo wa mvuke wa kuulia vijidudu. Kanda ya pakiti isipogeuka nyeusi, pakiti inarudi. Hakuna mjadala.

Saa 2. Wa kwanza ni mzee aliyewekewa nyonga ya chuma wiki 3 zilizopita. Mshono umeanza kutoa maji, na jamaa zake wanauliza kwa nini asipigwe tu sindano kali za antibiotiki.

Kikombe cha ile nyonga ni titani yenye matundu-matundu, makusudi, ili mfupa uingie ushike. Mtu wa Mji wa Kale ameona jiwe la matumbawe linavyonywa maji. Chuma hiki ni hivyo hivyo. Tundu moja ni kama nusu milimita, bakteria ni kama sehemu 1 ya 1,000 ya milimita. Kwake ni ukumbi wa harusi. Akishatulia humo hujifunika utando wa utelezi, kama ule unaoota ndani ya mtungi usiosuguliwa, na chini ya utando huo dawa huenda ikahitajika hata mara 1,000 ya kawaida. Ukijaribu kuifikisha kiwango hicho kwa mshipa, figo na masikio ndiyo yataumia kwanza. Kwa hiyo dawa huwekwa palepale penye chuma, ndani ya shanga za jasi, yaani unga wa kalisiamu unaokandwa na dawa ukaganda.

Kwa wiki 3 daktari bado anaweza kuosha, abadilishe kichwa cha nyonga na plastiki iliyo ndani ya kikombe, kikombe chenyewe kibaki. Tukichelewa, kitatolewa, na kikombe kilichoshikwa na mfupa hung'oka na mfupa wake.

Saa 3 na nusu, dawa zinaletwa kutoka duka la nje. Hapa ndipo asubuhi yangu iliposhikwa.

Karatasi iliandikwa wazi: antibiotiki ya gentamisini, ampuli (vichupa vya sindano) 3, kila moja 80 mg ndani ya 2 ml. Kijana kaleta ampuli 12.

"Sista, si dawa ni hiyo hiyo? Wamesema jumla ni 240."

"Jumla ni sawa, mwanangu. Soma hapa chini."

Zilikuwa za watoto, 20 mg ndani ya 2 ml. Miligramu ni zilezile, lakini badala ya maji 6 ml nina 24 ml, na hayo maji ndiyo yanayokandia unga wa jasi. Kwa pakiti ya ujazo wa 10 ml ningepata uji, na uji haugandi hata ukiusubiri hadi magharibi. Kijana karudi dukani, dukani hawabadilishi dawa ikishatoka, karudi tena kuchukua pesa. Mgonjwa yuko mezani tayari na ganzi ya mgongo, na ganzi ina saa zake. Daktari ananitazama mimi, kana kwamba duka ni langu. Saa nzima na dakika 10!

Zikafika. Kwanza vipande 5 vya nyama kutoka sehemu tofauti, kila kimoja kwa koleo lake na chupa yake, kabla ya dawa yoyote kuingia mwilini. Ukianza na dawa, maabara watakuambia hawajaona kitu. Nao wasitupe mapema: wapo wadudu wavivu wanaohitaji hadi siku 14 kuota.

Kuosha ni lita 9 za maji ya chumvi, chupa 18 za nusu lita, bila presha kubwa, kwani presha husukuma uchafu ndani zaidi. Kisha povidoni-iodini ya 10%, 17.5 ml kwa nusu lita, ikae dakika 3, ioshwe. Glavu, shuka na vifaa vyote vinabadilishwa. Shanga hazikiokoi kidonda kilichooshwa kwa haraka. Hilo nitalisema mbele ya daktari yeyote.

Vankomaisini 1 g, antibiotiki ya pili, inaingia kwenye jasi ikiwa kavu. Nachanganya mpaka rangi iwe moja, ndipo namimina zile 6 ml. Nusu dakika ya kukanda, napaka kwenye mkeka wa vishimo, nagonga mezani hewa itoke. Halafu mikono mbali. Gentamisini huchelewesha kuganda, dakika 10 au zaidi, na ukigusa mapema shanga zinamomonyoka. Nikikunja mkeka zikadondoka zikilia kama punje za mahindi, ziko tayari.

Chakula cha mchana kilipita bila mimi. Baada ya hapo kulikuwa na kifundo cha mguu na mkono wa mtoto, saa sikuzitazama.

Jioni naenda wodini mwenyewe kumkabidhi mzee, kwa sababu ya jambo moja. Jasi huyeyuka yenyewe kwa wiki kadhaa, na inapoyeyuka kidonda huweza kutoa maji meupe. Wa zamu ya usiku akidhani ni usaha, mgonjwa atarudishwa thieta bure. Naandika kwa kalamu nyekundu: maji meupe bila harufu, bila homa, badilisha bandeji, yakiwa mazito, yakinuka au homa ikipanda, piga simu. Kalisiamu ya damu ipimwe asubuhi, pamoja na figo.