Ngazi zilivyonipandishia kodi Kimara Korogwe

Dalali wa kwanza aliniambia nibomoe jiko ili gari lipite. "Bosi, nyumba isiyofikika kwa gari haina bei." Nikamuuliza, huyo mpangaji atakayelipa laki na ishirini ana gari gani? Akaanza kuchezea simu.

Nyumba ni ya marehemu baba, iko bondeni. Mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam yalipoanza Mei 2016 mtaa mzima ulipagawa, wenye nyumba za juu karibu na lami wakataja bei za kutisha. Nikawaonea wivu, mpaka 2017 nyumba za kando ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara kwenda Kiluvya zilipobomolewa kupisha upanuzi. Wivu ukaisha siku hiyohiyo.

Kosa langu mimi lilikuwa kibao. Niliandika kwa rangi nyekundu: DAKIKA 5 KUTOKA KITUONI. Akaja dada mmoja wa ofisini, mwezi wa nne, masika imekolea. Tukateremka. Kwenye mtaro kiatu chake kikabaki kwenye tope, yeye akaendelea na mguu mtupu hatua mbili nzima kabla hajagundua. Nikakivuta, kikatoka na sauti ya chura. Akanitazama: "Kaka, hizo dakika tano ni za nani?" Sikumwona tena.

Ndipo nikaamua kujenga ngazi. Tulichanga nyumba sita (ya saba ilikataa, nitaisema), mimi nikaongeza kama laki nne na kitu, sikumbuki vizuri maana fundi alikuwa akiomba "ya soda" kila siku. Ngazi za kwanza zilidumu mvua moja. Maji yalipita chini yake yakaondoka na mchanga wote, ngazi zikabaki zinaning'inia kama meno ya mzee. Mara ya pili tukaanza na mtaro wa pembeni, halafu ndiyo zege. Chuma cha kushikia nilikiongeza baada ya bibi wa jirani kunifokea.

Ujanja wangu ni huu. Madalali wanapenda kuleta wateja Jumamosi saa nne asubuhi, kwa bodaboda, ili wasione njia. Mimi namwambia mteja tukutane nje ya kituo saa moja jioni, siku ya kazi, akishuka kwenye basi. Tunatembea. Tunapita genge, duka la dawa, mama wa mihogo mwenye taa kubwa. Tukifika getini namwonyesha saa ya simu: dakika saba na nusu. Kibao sasa kinasema 8, na watu wanafurahi kuwahi.

Simfichi mtu kitu. Asubuhi mabasi yanafika Korogwe yamejaa, wapangaji wangu wanapanda ya kurudi na kugeuza nalo Kimara Mwisho. Na Jangwani, bondeni njia ya kwenda mjini, pakifurika, huduma ikikatika, wananipigia simu mimi kana kwamba mabasi ni yangu.

Ile laki na ishirini sasa ni laki mbili, na jiko la mama limesimama palepale. Yule jirani aliyegoma kuchangia, tena kwa matusi, juzi kaandika ukutani kwake kwa mkaa: CHUMBA KINAPANGISHWA, NGAZI ZIPO.